Mpenzi asiye na mwili, na mti wa Mahuta

(Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosikika redioni Jumapili iliyopita.)

Ndugu wasikilizaji, mara nyingi barua zenu ndizo zinazonipa la kusema katika kipindi hiki. Safari hii haikuwa barua. Ilikuwa simu, tena ya usiku, kutoka kwa dada yangu anayeishi Masasi. Alianza kwa kulia, nami nikadhani kuna msiba. Kumbe msiba wenyewe ulikuwa daftari.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu katika shule moja ya huko, ambayo sitaitaja. Ni mtoto mwenye mkono mwepesi wa kuandika. Mwalimu alimkuta katikati ya kipindi cha hesabu akiandika hadithi ya mapenzi kwenye kaunta buku la kwaya mbili. Daftari likachukuliwa, likasomwa, likapelekwa ofisini. Angepewa adhabu ya kufyeka majani nisingekuwa na neno, kwani hesabu ni hesabu. Lakini dada yangu aliitwa shuleni akaambiwa kwamba binti yake ana jini mahaba, kwamba ushahidi umo daftarini kwa mwandiko wake mwenyewe, na kwamba asirudi darasani mpaka awe ametibiwa.

Waliozaliwa upande wetu wanajua kwa nini simu ilikuja kwangu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, na likitokea zito juu ya mtoto wa dada, anayeulizwa kwanza ni mjomba. Baba wa binti yupo, ni mzima, na alikwisha kutafuta fedha za kumpeleka kwa mganga. Hata hivyo naye alikuwa akisubiri neno la mjomba. Nikapanda basi.

Siku hizi safari ile ni ya siku moja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tukikesha pale Ndundu kungoja kivuko cha Rufiji, na mtu alifika Masasi akiwa mwekundu kwa vumbi hata mama yake asimtambue. Lakini hayo tuyaache.

Nilipofika binti alinipokea vizuri. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu." Akaniletea maji ya kuoga, akaniandalia chakula, kisha akakaa mkekani akiangalia miguu yake. Daftari lilikuwa limefungiwa kabatini shuleni, kwa hiyo nilimwomba anisimulie hadithi yake kwa mdomo. Alisita, akaanza, na alipoanza hakusimama mpaka taa ilipokuwa inakwisha mafuta.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna msichana wa kijiji cha ukingoni mwa nyanda za juu za Newala, mahali ambapo ardhi inakatika na mtu anaiona Msumbiji kwa mbali. Siku moja amekwenda kuokota kuni, akasikia sauti ya mvulana ndani ya mpingo. Mvulana hana mwili. Zamani alikuwa nao, akaupoteza akiwa anavuka Mto Ruvuma usiku pamoja na wazazi wake, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Wanazoeana, wanapendana. Kisha wachongaji wanakuja kuukata ule mpingo, na sauti inahamia ndani ya kinyago. Kinyago kinauzwa Dar es Salaam, msichana anakifuata. Kinyago kinapasuka, sauti inabaki katika kipande kidogo kinachoingia kiganjani. Mwisho mvulana anamwambia kwamba kipande nacho kinaoza, na kwamba njia pekee ya kubaki pamoja ni yeye msichana kuuacha mwili wake.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha mwalimu akanikamata, mjomba."

Ndugu wasikilizaji, sitaki mumwone mwalimu yule kama mtu mbaya, nami nitamrudia baadaye. Kwanza tuzungumze juu ya hilo jini, maana neno limekwisha kutamkwa, na likitamkwa juu ya msichana haliondoki kirahisi.

Jini mahaba ni imani iliyoenea mwambao wote, tangu Lamu hadi Mtwara, na siku hizi imepanda hata bara. Husemwa kwamba jini wa kiume humpenda mwanamke, au jini wa kike mwanamume, akawa anamjia ndotoni kama mume au mke. Jini huyu ana wivu. Huvunja uchumba, huharibu mimba, huleta ugomvi ndani ya nyumba bila sababu. Matibabu ni mengi: makombe ya kunywa, ubani, ngoma, na sasa maombezi. Wapo wanaosema wameponywa, nami sikuja hapa kubishana nao. Ninaloliangalia ni zile dalili. Anapenda kukaa peke yake. Anatabasamu bila kuambiwa neno. Anakataa wachumba. Anaota sana. Kwa vipimo hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa na jini mahaba tangu darasa la saba.

Tena kuna tofauti ambayo shule haikuiona. Jini mahaba haombi ruhusa. Humchukua mtu kama mali. Yule mvulana wa kwenye daftari hafanyi hivyo. Anauliza, na hadithi nzima inasubiri jibu la msichana. Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini amemnyima mpenzi wake mwili. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa sababu wenye miili wote wanaangalia mwili wangu tu, mjomba." Ana miaka kumi na sita. Tangu alipochezwa unyago kila mtu amekuwa na la kusema juu ya kiuno chake, ngozi yake na umri wake wa kuolewa. Nilinyamaza, maana mimi pia nilikuwa nimemwambia siku ileile kwamba amenenepa.

Shuleni walisema kwamba mambo haya ni ya filamu za kigeni na kwamba si yetu. Hapo ndipo nilipoamua kufungua begi langu, kwa sababu nilikuwa nimebeba kitabu.

Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa na misheni ya Masasi ikiwa imechomwa moto mwaka mmoja kabla, alifika huko Mjerumani mmoja, Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Alikuja na mashine ya kunasa sauti na ya kupiga picha za sinema. Alikaa Masasi, akapanda Newala, akafika hadi Mahuta, ambayo leo imo wilaya ya Tandahimba. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Bibi Alice Werner, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili chuoni London. Weule ana maneno mengi ya dharau juu ya babu zetu, na msomaji inabidi ayaruke kama mtu anavyoruka madimbwi. Lakini humo ndani ameiweka habari ya chanzo cha Wamakonde kama alivyoiandika kabla yake Padri Adams, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi upande wa Lindi. Nami niliisikia kwa bibi yangu, mzaliwa wa Kitangari, kabla sijajua kusoma.

Hapo Mahuta, yasemwa, palikuwa pori tupu. Ndani yake aliishi kiumbe mmoja peke yake, ambaye alikuwa bado hajawa mtu. Alikuwa haogi wala hanyoi, na alikula na kunywa kidogo sana. Siku moja akatwaa mti, akauchonga ukawa na umbo la mtu, akaupeleka makaoni kwake akausimamisha wima. Usiku ule ule mti ukapata uhai, na ulikuwa mwanamke.

Wakateremka wote wawili hadi Ruvuma wakaoga. Huko mwanamke akajifungua, na mtoto alikuwa amekwisha kufa. Wakahama, wakavuka nyanda za juu, wakashuka bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, na huyo naye alikuwa amekufa. Basi wakarudi juu, porini Mahuta. Mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua, na baada yake wakazaliwa wengine wengi, ndio Wamakonde. Baba yao akawaachia amri mbili. Wafu wazikwe wima, kwa kumkumbuka mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama. Na watu wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa maana huko ndiko ugonjwa na kifo vinakokaa. Maji yawe mbali, mwendo wa saa nzima au zaidi.

Nilipomaliza mpwa wangu alikuwa amenyanyua uso kwa mara ya kwanza.

Ukiitazama vizuri, habari hii inaanza pale pale anapoanzia yeye: mtu anampenda asiye na mwili bado. Anampenda ndani ya mti. Tena yule mchongaji mwenyewe, tunaambiwa, alikuwa hajawa mtu. Haogi, hanyoi. Kuoga kwake kwa kwanza ni pamoja na mwenzake. Basi nani alimchonga nani?

Wagiriki na Warumi wanayo inayofanana nayo. Ovid, mshairi wa Kirumi wa miaka 2,000 hivi iliyopita, alisimulia habari za Pygmalion wa Saiprasi, aliyechonga mwanamke wa pembe ya ndovu na kumpenda mpaka mungu wao wa kike wa mapenzi akaipa sanamu uhai. Lakini Pygmalion alichonga kwa sababu aliwachukia wanawake waliokuwapo. Wa Mahuta alichonga kwa upweke, na hakumwomba mungu wala mganga. Na hadithi ya Ovid inakwenda mbio hadi harusini na mtoto mzima. Yetu haifanyi haraka hiyo. Inapita kwenye makaburi mawili ya watoto. Mimi naipenda yetu kwa sababu hiyo, na si kwa upendeleo wa kwetu tu.

Ile amri ya maji nayo si ya kubuni. Mabondeni kulikuwa na mbu wa malaria. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita mabondeni, na wavamizi walitoka magharibi. Misheni yenyewe ya Masasi ilivamiwa mwaka 1882. Kule juu vichaka vilikuwa vimesongamana, mgeni haoni pa kupita. Kwa hiyo waliokaa juu waliishi. Lakini udongo wa juu ni mchanga, mvua inanyesha na kuzama, hakuna kijito. Bibi yangu aliniambia kwamba waliondoka jogoo la kwanza, wakateremka ukingo wa nyanda na mitungi, wakarudi jua limepanda. Mashine za kupandisha maji zilifika katika miaka ya 1950, naye alikuwa amekwisha kuwa na wajukuu. Wanaume walitii amri ya babu. Miguu iliyolipa ilikuwa ya wanawake. Hilo bibi alilisema kwa ukali kidogo, kisha akaendelea kupeta mchele.

Bibi huyohuyo ndiye aliyenifunza juu ya mapiko. Wengi wenu mmekiona kinyago cha lipiko kikiwa kimetundikwa ukutani, na kwa kweli ukutani hakina maana yoyote. Huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, kwa sababu mchezaji hukivaa kichwani kama kofia ya chuma na kuangalia kwa kupitia mdomoni. Mwili wake wote hufunikwa nguo. Vipo hata vifua vya mti vyenye matiti na tumbo la mimba, navyo huvaliwa na mwanamume. Vijana wanapotoka jandoni, lipiko hujitokeza akicheza, na desturi ilikuwa kwamba wanawake na watoto hawaambiwi kuwa ndani yake mna mtu. Ni mgeni aliyetoka kwa waliokufa, basi.

Nilimwuliza bibi kama kweli hakujua. Akacheka kwa kuziba mdomo. Alisema kwamba babu alicheza lipiko miaka mingi, na kila mara yeye alikimbia pamoja na wenzake akipiga kelele za woga. "Lakini mke asiyeujua mwendo wa mumewe ni mke gani?" Uso haukuonekana, wala mkono, na sauti haikuwa yake. Mwendo tu. Alimjua, akanyamaza, akakimbia. Babu alikufa bila kuambiwa.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu. Kisha nikamweleza juu ya Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde aliyetoka Msumbiji akafanya kazi Dar es Salaam, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Ni vile vya mpingo vyenye jicho moja, vyenye mikono inayoingia tumboni, viumbe wawili waliofungamana hata hujui mguu huu ni wa nani. Shetani kwa wachongaji wale si Iblisi wa msikitini na kanisani. Ni wakazi wa porini, wabaya kwa wazuri, wengine wachekeshaji. Watalii hununua, wakaweka sebuleni. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba mchongaji atibiwe.

Na kama ni vitabu, je, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, haina jini? Inalo, tena la kike, na ndugu wawili wanageuzwa manyani, na mji mzima wa watu umekuwa mawe, na katikati ya mawe hayo Adili anamkuta binti mmoja aliye hai. Vizazi vya wanafunzi wamesoma mambo hayo na kuyafanyia mtihani. Sijasikia kwamba Shaaban Robert alipelekwa kwa mganga.

Sasa nirudi kwa mwalimu. Asubuhi nilikwenda shuleni na dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nakiri. Nilimkuta mwalimu ni binti kijana, macho mekundu. Akaniambia, "Mzee, mimi sijali majini. Nilisoma pale msichana anapotakiwa auache mwili wake. Usiku ule sikulala." Ugomvi wangu ukaniishia pale pale. Yeye aliogopa mtoto asije akajiua, na hakujua aliseme wapi neno hilo. Waliokuwa juu yake walipolisikia wakaligeuza kuwa jini, kwa sababu jini lina dawa inayojulikana na woga ule hauna.

Wazazi wanaonisikiliza, ikiwa mtoto ameandika au amesema maneno kama hayo, mwulizeni wazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nilimwita mpwa wangu chini ya mwembe wa shule, mama yake na mwalimu wakiwapo, nikamwuliza bila kuzunguka kama anataka kufa. Alishtuka. "Mjomba, mimi sitaki kufa. Nataka kumaliza hadithi." Nikamwuliza tena kwa maneno mengine, na tena nilipokuwa naye peke yake nyumbani. Jibu lilikuwa hilohilo, na mama yake ameahidi kuendelea kuuliza.

Nilimkosoa pia, maana mjomba asiyekosoa ni mgeni tu. Nilimwambia kwamba yule mvulana wake ana kasoro moja: hali, haugui, hakopi, hachelewi. Kumpenda mtu wa namna hiyo ni rahisi mno. Wa Mahuta walizika watoto wawili. Na kama mpenzi anamtaka msichana auache mwili wake ili yeye asibaki peke yake, je, hapo amekuwa tofauti gani na lile jini la kombe? Hakunijibu. Aliniangalia kwa hasira ya mtu aliyeguswa kwenye kazi yake, nikafurahi.

Uongozi wa shule ulikubali arudi darasani Jumatatu. Daftari walikataa kulitoa. Limebaki kabatini mpaka mwisho wa muhula, na kwenye vipindi vya hesabu atakaa dawati la mbele. Baba yake alikuwa bado na fedha za mganga mfukoni. Tulipokuwa tunapita sokoni alisimama bila kusema neno, akanunua kaunta buku jipya, la kwaya tatu, akampa bintiye kama mtu anayekabidhi kitu cha moto.

Usiku wa mwisho kabla sijaondoka alianza upya kwa kukumbuka, kibatari kikiwa karibu na nywele zake. Nilikuwa nimelala nusu aliponiita.

"Mjomba, yule mwanamke wa mti aliitwa nani?"

Nikamwambia kwamba katika maandishi ya wale Wajerumani hana jina, wala mumewe hana. Bibi naye alimwita mama tu. Akanyamaza kitambo, kisha nikasikia kalamu ikiandika neno moja, polepole. Asubuhi alinionyesha jina alilompa, akaniapisha nisilitaje redioni.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitajibu barua za wakulima wa Nachingwea juu ya bei ya korosho. Kwa leo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.